Sikio la nyuma

Jumapili usiku, Lyon, Ufaransa.

Viatu nimeviweka dirishani tope likauke. Miguu imechoka vizuri. Naandika kabla sijalala kwa sababu kuna kitu kilinitokea jana asubuhi nikiwa juu ya baiskeli, kilomita chache baada ya kamji ka Buxy, na naogopa kesho nikiamka na mambo ya kazi kitakuwa kimefifia.

Lazima nianzie kwa kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha baiskeli, pembezoni mwa Moshi, kwenye Phoenix ya baba, nikipitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa siti sikuifikia. Somo lake la kwanza halikuhusu breki. Aliniambia: macho yatangulie mbele, sikio moja libaki nyuma. Ukisikia lori, shuka kwenye majani mapema, usingoje honi, maana dereva akishapiga honi ujue ameshaamua kupita. Yeye mwenyewe alikuwa akipeleka maziwa mjini alfajiri, madumu yakining'inia pande zote mbili za karia. Mwaka 2011 lori lilimpata. Alilisikia, sikio lake lilikuwa kazini kama kawaida, lakini mahali pale hapakuwa na majani ya kushukia, palikuwa na mtaro wa zege. Mguu wa kushoto haujakunjika vizuri tangu siku ile, na baiskeli hajaipanda tena.

Sikio lile nililibeba hadi huku. Lyon kuna njia za baiskeli nzuri, lakini mabasi yapo, pikipiki zipo, magari ya kupeleka mizigo yanasimama popote. Miaka sita nimeendesha hapa nikidhani ndivyo mwili unavyokaa juu ya baiskeli: bega la kushoto limepanda kidogo, shingo iko tayari kugeuka.

Jana nilichukua treni ya mapema hadi Chalon-sur-Saône, baiskeli nikiwa nayo ndani ya behewa, halafu nikaelekea Givry. Kuanzia Givry hadi Cluny, kilomita 44, zamani ilikuwa reli. Treni ziliacha kupita, mataruma yakang'olewa, na mwaka 1997 njia ikafunguliwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Ndiyo njia ya kwanza ya aina hiyo Ufaransa. Wenyewe wanaiita njia ya kijani. Hakuna chombo cha moto kinachoruhusiwa. Na kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya treni, ambayo haiwezi kupanda mlima mkali, inazunguka vilima taratibu kiasi kwamba unapanda bila kujua. Stesheni za zamani bado zimesimama pembeni, mawe yamefagiliwa, maua kwenye madirisha.

Niliikumbuka reli yetu ya Moshi kwenda Arusha, miaka ile ilipolala na majani kuota katikati ya vyuma. Pembeni yake palikuwa na kinjia walichopita wanafunzi, ng'ombe na watu wa baiskeli, na mama alitulazimisha tupite huko tusipite barabarani. Mwaka 2020 treni ya abiria ilirudi Arusha, nami nilifurahi sana, nafurahi hadi leo. Lakini kile kinjia kilikuwa na thamani ambayo sisi watoto hatukuijua.

Basi baada ya Buxy, mizabibu upande wa kulia, mashamba yakishuka upande wa kushoto, nilisikia ndege, kekeo. Kisha nikasikia mnyororo wangu mwenyewe, kwamba unahitaji mafuta. Kisha tairi, ile sauti ya kukwaruza punje za mchanga zilizosombwa na mvua. Nikajiuliza kwa nini nasikia vitu vingi hivi leo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba bega limeshuka. Sijui lilishuka saa ngapi. Sikio la nyuma lilikuwa limeacha kazi bila kuniaga, likaja mbele kukaa na mwenzake. Nilisimama. Nilishuka kabisa nikakaa kwenye nyasi, machozi yakanitoka, nikiwaza madumu ya maziwa.

Kila njia inapokata barabara ya magari, sikio lilirudi nyuma mara moja. Ukishavuka, linachukua muda kutulia. Niliona kwamba muda huo ulikuwa unapungua kadiri siku ilivyokwenda.

Cormatin niliacha lami laini nikaingia kwenye njia za kokoto kuelekea mashariki. Njia kama hizi ndizo baiskeli hii ilizotengenezewa: tairi pana za milimita 40, na nilitoa upepo kidogo ili zisiruke juu ya kila jiwe. Mawe ya huku ni ya chokaa, kwa hiyo njia ni nyeupe, na vumbi lake hukaa kwenye miguu kama unga. Ng'ombe pia ni weupe, aina ya Charolais, wakubwa, wanageuza vichwa wote kwa pamoja kukutazama. Ndani ya msitu wa mialoni mvua ya wiki iliyopita ilikuwa bado haijakauka. Udongo wa mfinyanzi ukashika tairi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nikaubandua kwa kijiti, nikasukuma kama robo saa. Sikuudhika hata kidogo. Msituni hapakuwa na mtu wala injini, na tope hilo nililijua tangu utotoni.

Chapaize ni kijiji kidogo chenye kanisa la karne ya 11, la Mtakatifu Martin, na mnara wa kengele mrefu kupita kiasi kwa kijiji cha ukubwa ule. Unauona kutoka mbali ukiwa bado shambani, ukipotea nyuma ya miti na kurudi. Ndani nguzo ni nene, za duara, na baadhi zimeinama. Nilisimama katikati yake nikiwa na vumbi jeupe mwilini, nikashika jiwe moja, baridi. Mtu alilichonga likapanda juu pale kabla ya Msikiti Mkuu wa Kilwa kufikia upana wake wa leo. Kulinganisha huko kulinijia tu, labda kwa sababu mawe ya chokaa na mawe ya matumbawe yana ubaridi mmoja.

Kutoka hapo hadi Brancion ni kupanda. Brancion iko juu ya kilima kati ya mabonde mawili: ngome, soko la zamani lililoezekwa juu ya nguzo za mbao, nyumba chache, na ukingoni kabisa kanisa la karne ya 12. Wageni huacha magari nje ya kijiji, hivyo hata pale juu nilisikia nyayo za watu tu.

Usiku nililala Taizé, kijiji cha kilimani chenye jumuiya ya mabruda wa Kikristo. Si bahati mbaya. Novemba 2008 nilikuwa miongoni mwa vijana waliopanda basi kwenda Nairobi, mabruda wa jumuiya hii walipokuja kukusanya vijana kwa sala, na tangu hapo nilitaka kuona kilima chao. Bruda Roger, mwanzilishi wao, alifika hapa 1940 kwa baiskeli. Hilo nililijua miaka mingi, lakini jana, nikipanda kilima kile kwa gia nyepesi, lilinigusa upya.

Kutoka huko nilimpigia kaka, hakupokea. Nikamtumia sauti niliyorekodi msituni, sekunde arobaini za tairi juu ya kokoto. Akajibu usiku: "Mbona sisikii magari?" Nikamwambia hayapo, hayaruhusiwi. Akanyamaza kitambo. Kisha: "Nirekodie nyingine, mdogo wangu. Ndefu."

Leo nilipita Cluny. Kanisa lake, lililoanza kujengwa 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187 na kwa karne kadhaa halikuwa na mfano katika Ukristo wote, hadi kanisa la Mtakatifu Petro la Roma lilipojengwa upya. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa likabomolewa kuchukuliwa mawe. Kimebaki kipande kimoja na minara yake, na hicho kipande peke yake kinakufanya ukunje shingo. Baada ya Cluny njia inaingia katika handaki la Bois Clair, zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya mlima. Majira ya baridi hulifunga ili popo walale. Mle ndani mwangwi wa baiskeli nyingine ulinifikia kama lori, na sikio likaruka nyuma. Walikuwa baba na binti yake mdogo wakiimba. Kisha Mâcon, kisha treni.

Ile sauti ndefu niliirekodi asubuhi, kwenye njia ya kokoto ya mashambani chini ya Taizé. Simu niliifunga kwenye usukani, dakika kumi na moja, sikusema neno.

Jibu lake limeingia sasa hivi, hapa nikiandika. Anauliza: "Dakika ya sita umebadilisha gia. Kulikuwa na mlima?"

Nimemjibu ndiyo, kaka, kidogo tu, pale njia inapotoka mtoni.