Nilivyoelewa kwa nini upande mrefu hukabili pembe kubwa

Niliandika BD, nikakosa. Mchoro ulikuwa wa pembetatu mbili zilizobanana, ABD na BCD, zikichangia mstari mmoja wa BD. Katika ABD, pembe ya A ilikuwa nyuzi 80, ya B nyuzi 45 na ya D nyuzi 55. Katika BCD, pembe ya C ilikuwa nyuzi 50, ya B nyuzi 70 na ya D nyuzi 60. Swali lilikuwa fupi: kati ya mistari yote mitano, upi ni mrefu kuliko mingine? Nikaitafuta pembe kubwa kuliko zote, nikaikuta ile ya 80, nikatazama mstari ulio mbele yake, nikaandika jibu bila kusita. Jibu sahihi lilikuwa CD.

Jambo hilo lilinikera kwa muda mrefu, kwa sababu kanuni niliyoitumia ni ya kweli na nilikuwa nimeikariri neno kwa neno: upande mrefu zaidi wa pembetatu hukabili pembe kubwa zaidi. Sikujua nimeteleza wapi. Miaka ikapita. Mdogo wangu alipofika kwenye somo hilohilo, alinijia na daftari lake akaniuliza, "Kaka, kwa nini upande mrefu ndio unaokabili pembe kubwa?" Nilimwambia ndivyo ilivyo. Akasema, "Hiyo naijua. Nauliza kwa nini." Sikuwa na la kumjibu. Usiku ule nilitoa rula, bikari, kipimapembe na karatasi, nikaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuona pembetatu.

Nilichogundua kwanza ni kwamba hata picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa imepinda. Kwetu neno pembe hubeba mambo mawili: kona yenyewe, na uwazi wa kona hiyo. Mimi nilikuwa nikiona kona iliyotengenezwa na mistari mirefu, nahisi ni pembe kubwa, kwa kuwa inachukua nafasi kubwa kwenye karatasi. Lakini urefu wa mikono ya pembe hauongezi pembe hata kidogo. Chora mistari miwili ya sentimita 20 inayoanzia nukta moja, ikiachana kidogo tu, upate pembe ya nyuzi 5. Chora mingine miwili ya sentimita 2 iliyotanuka sana, upate nyuzi 150. Bikari ndiyo iliyonifundisha hili vizuri kuliko maelezo yoyote: miguu yake haibadiliki urefu, ila kadiri unavyoifungua ndivyo ncha zake zinavyoachana. Pembe ipo juu, kwenye kiungo. Inachokizaa kipo chini, ule umbali kati ya ncha mbili. Ndiyo maana upande wa kuutazama ni ule ulio mbele ya pembe. Ile miwili inayoikumbatia haisemi kitu juu ya ukubwa wake.

Lakini bikari ina miguu miwili ya urefu uleule siku zote. Swali la mdogo wangu lilihusu pembetatu moja, yenye pande tofauti, na pembe mbili ndani yake zinazoshindana. Hapo nilikwama siku kadhaa. Nilichora pembetatu baada ya pembetatu nikipima, na kila mara kanuni ilitimia, na bado sikuwa na sababu. Kupima kuliniambia kwamba ni kweli. Kwa nini ni kweli, kipimapembe hakisemi.

Kilichonifungulia njia ni kukunja karatasi. Nilikata pembetatu yenye AB sentimita 6, AC sentimita 9 na BC sentimita 8. AC ni ndefu kuliko AB, kwa hiyo pembe ya B, inayoikabili AC, inapaswa kuwa kubwa kuliko pembe ya C, inayoikabili AB. Kwa vipimo ni kama nyuzi 79 dhidi ya 41. Nikaikunja karatasi kwenye ncha A, nikiulaza upande wa AB juu ya AC. Kwa kuwa AB ni fupi, ncha B haikufika C. Ilitua njiani, sentimita 6 kutoka A, zikabaki 3. Nukta hiyo niliiita D. Mkunjo wenyewe ulishuka kutoka A ukaikata BC mahali nilipopaita E.

Tazama kilichotokea. Pembe ya B haijabadilika, imehamishwa tu. Sasa imekaa kwenye D, kati ya DA na DE. Na mbele ya D kumebaki kijipembetatu kidogo, EDC, chenye pembe ya C kwenye ncha yake ya mbali. Pembe ya B, pale ilipotua, ni pembe ya nje ya kijipembetatu hicho, yaani ile iliyo kati ya upande wake mmoja na mwendelezo wa upande mwingine. Pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na jumla ya zile pembe mbili za ndani zisizopakana nayo. Kwa hiyo pembe ya B ni pembe ya C pamoja na pembe nyingine ndogo pale E. Ni kubwa kuliko C, haina budi. Na ziada yake unaweza kuigusa kwa kidole: ni ile pembe ya E ndani ya kijipembetatu kilichobaki. Nikaipima, nikapata karibu nyuzi 38, ambazo ndizo tofauti ya 79 na 41.

Nilikaa nikiitazama karatasi ile muda mrefu. Laiti AB na AC zingelingana, B ingetua juu ya C kabisa, kijipembetatu kisingekuwepo, na pembe mbili zingekuwa sawa. Kutolingana kwa pande ndiko kunakoacha kipande cha sentimita 3, na kipande hicho ndicho kinachozaa ziada ya pembe. Ili kuona kisicho sawa, nilihitaji kwanza kutia kilicho sawa ndani yake, kisha nitazame kilichobaki. Asubuhi nilimpa mdogo wangu karatasi bila kusema neno. Alikunja, akakunjua, akakunja tena, akasema, "Kumbe hii B ndiyo imekaa hapa."

Baadaye nilipoanza kusoma nilikuta kwamba Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika karibu miaka 300 kabla ya Kristo, hufanya karibu vilevile. Katika kitabu cha kwanza cha Elements, kauli ya 18, anakata kutoka upande mrefu kipande kinacholingana na upande mfupi, anapata pembetatu yenye pande mbili sawa, kisha anatumia pembe ya nje. Kwamba pembe ya nje ni kubwa kuliko kila moja ya zile mbili za ndani zisizopakana nayo, amelithibitisha katika kauli ya 16, tena bila kutegemea kwamba pembe tatu hujumlisha nyuzi 180, jambo analolifikia kwenye kauli ya 32 tu. Mimi sikuwa na uangalifu wa namna hiyo, na kutokuwa nao kulikaribia kunigharimu.

Nilitaka pia kinyume cha kanuni: ukijua pembe ya B ni kubwa kuliko ya C, uthibitishe kwamba AC ni ndefu kuliko AB. Nikakunja karatasi upya, safari hii nikiilaza ncha C juu ya ncha B. Mkunjo ukaikata AC mahali nilipopaita F, na FC ikalala juu ya FB, kwa hiyo zinalingana. Basi AC ni AF pamoja na FB, na kutoka A kwenda B kwa kuzungukia F ni mbali kuliko kwenda moja kwa moja. AC ni ndefu kuliko AB. Nilifurahi mno. Kisha nikajiuliza: hiyo kauli kwamba kuzunguka ni mbali kuliko kunyoosha, nimeithibitisha wapi? Nikaangalia Euclid anavyoithibitisha, kauli ya 20, nikakuta anaitegemea kauli ya 19, ambayo ndiyo hasa niliyokuwa najaribu kuithibitisha. Kwa mpangilio wake, ningekuwa nazunguka mti uleule.

Njia yake kwa kauli ya 19 haihitaji mchoro. Pembe ya B ni kubwa kuliko ya C. Je, AC inaweza kulingana na AB? Hapana, maana pembe zingelingana. Inaweza kuwa fupi? Hapana, maana kwa kanuni tuliyokwisha kuithibitisha pembe ya B ingekuwa ndogo. Limebaki moja tu: ni ndefu. Nakiri kwamba mkunjo wangu unanipendeza zaidi kwa macho, lakini hoja hii haina deni kwa mtu.

Kutoka hapo kauli ya 20, kwamba pande mbili za pembetatu zikijumlishwa huzidi ule wa tatu, inakuja kwa hatua chache. Refusha BA kupita A kwa urefu wa AC hadi nukta G, uunganishe G na C. Pembetatu ACG ina pande mbili sawa, kwa hiyo pembe zake za G na C zinalingana. Lakini katika pembetatu kubwa ya BCG, pembe nzima ya C ni ile pamoja na nyongeza ya pembe ACB, hivyo ni kubwa kuliko ya G. Upande unaoikabili ni BG, yaani BA na AC zikiwa zimenyooshwa mstari mmoja. BG basi ni ndefu kuliko BC.

Proclus, aliyeandika maelezo ya kitabu hicho katika karne ya 5 baada ya Kristo, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus waliikejeli kauli hii: hata punda anaijua, maana ukiweka majani mbele yake hunyoosha njia kuyafuata. Proclus akajibu kwamba jambo kuonekana kweli kwa macho bado si kujua sababu yake. Nikakumbuka daftari la mdogo wangu.

Kwa matumizi, kauli hiyo ni rahisi. Jaribu kuchora pembetatu ya sentimita 3, 4 na 8: weka mstari wa 8, piga tao la bikari kila upande, na matao hayatagusana kamwe. Kwa 3, 5 na 8 yanagusana juu ya mstari wenyewe, na pembetatu inalala chali. Kama pande mbili ni 5 na 8, wa tatu uwe zaidi ya 3 na chini ya 13.

Sasa nirudi kwenye BD. Kanuni inalinganisha pande na pembe ndani ya pembetatu moja. Mimi niliichukua pembe ya 80 kutoka pembetatu ya kwanza nikaishindanisha na ya 70 kutoka ya pili, ilhali hazina habari moja na nyingine. Kinachoziunganisha pembetatu hizo mbili ni mstari wa BD tu, na mstari huo ndio daraja. Ndani ya ABD, BD ndiyo ndefu kuliko zote, ikifuatiwa na AB kisha AD. Ndani ya BCD, BD hiyohiyo inakabili nyuzi 50, pembe ndogo kuliko zote, kwa hiyo ndiyo fupi kuliko zote. Mpangilio kamili ni CD, BC, BD, AB, AD. Mshindi wa pembetatu ya kwanza ndiye wa mwisho katika ya pili.

Mtego mwingine nilioukuta kwa mdogo wangu, na zamani ulikuwa wangu pia, ni kudhani kwamba pembe ikiwa mara mbili basi upande nao ni mara mbili. Pembetatu ya nyuzi 30, 60 na 90 inatosha kuukata. Upande mrefu ukiwa sentimita 10, unaokabili nyuzi 30 ni 5, na unaokabili 60 ni karibu 8.7. Kanuni inakupa mpangilio, haikupi uwiano.

Wiki iliyofuata tulipata swali ambalo hatukuwahi kuonyeshwa. Katika pembetatu ABC ambamo AC ni ndefu kuliko AB, M ni katikati ya BC. AM inaigawa pembe ya A vipande viwili: kipi ni kikubwa, kilicho upande wa AB au wa AC? Mdogo wangu alisema wa AC, kwa kuwa kule ni kurefu. Nami moyo wangu ulielekea hukohuko.

Tukatafuta kilicho sawa cha kukitia ndani. Tuliirefusha AM kwa urefu wake uleule hadi nukta H, tukaunganisha H na C. Pembetatu ABM na HCM zinalingana kabisa, kwa hiyo CH ni sawa na AB, na pembe BAM imehamia H. Sasa vipande vyote viwili vimo ndani ya pembetatu moja, ACH. Pembe ya H inakabili AC, ile nyingine ya A inakabili CH ambayo ni fupi. Pembe ya H ndiyo kubwa. Kipande kikubwa kiko upande wa AB, upande mfupi.

Mdogo wangu hakuamini. Akaitafuta ile karatasi ya 6, 8 na 9, akaikunjua, akaweka alama ya M kwenye sentimita 4 kutoka B. Mkunjo wa kwanza, ule unaoigawa pembe ya A sawasawa, ulikuwa umeikata BC kwenye sentimita 3.2. M ilikuwa imevuka mkunjo kuelekea C. Akapima pembe mbili, akaandika pembeni: 37 na 24.