Nane Nane hii Mama analala Ngorongoro

Nimeshaomba ruhusa kazini. Nane Nane hii nampeleka Mama Ngorongoro, na tunalala huko huko, kwenye hema, kambi ya Simba A juu ya ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano ya zamani.

Mama ni mzaliwa wa Karatu. Ametulea wanne kwa kuuza vitunguu vya Mang'ola kando ya barabara ile ile ya watalii, tangu enzi za vumbi, kabla lami haijafika. Magari yote ya kwenda Lodoare, geti la kuingilia hifadhini, yamempita mbele ya meza yake. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1959, yeye akazaliwa miaka mitatu baadaye. Wamekuwa majirani maisha yote na hajavuka geti hilo hata mara moja. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Nilipompigia simu kumweleza, aliniuliza: "Sasa mwanangu, tukalale kwenye turubai na kitanda ninacho hapa?"

Swali la haki kabisa. Kutoka kwake hadi getini ni mwendo mfupi, tungeweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini mimi nataka aione asubuhi ya kule. Ukiamka ukingoni, chini yako panakuwa peupe kwa ukungu, huoni kitu. Halafu ukungu unaanza kuachia taratibu, unaona ziwa Magadi linang'aa, kisha msitu wa Lerai, mita kama 600 chini ya miguu yako. Mtu wa siku moja hufika jua limeshapanda na hayo yameshapita.

Watu wakisikia unalala porini wanakuuliza habari za simba. Mimi nawaambia waulize baridi. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na Agosti baridi bado ipo. Mwaka jana nililala pale na marafiki, nimevaa kila nguo niliyobeba, na bado saa tisa usiku meno yalikuwa yanagongana. Pumzi zetu ziligeuka matone ya maji kwenye dari la hema, yakawa yanadondoka usoni moja moja. Nikiwa macho hivyo nikasikia kitu kinang'oa majani karibu kabisa na kichwa changu: krap, kimya, krap. Nilifungua zipu kidogo kwa vidole viwili. Pundamilia, mkono mmoja tu kutoka kwangu, anakula zake, mvuke unamtoka puani. Nilimkumbuka Mama saa ile ile.

Kwa hiyo mwaka huu namwandalia godoro la sponji chini, mkeka juu yake, begi la kulalia, blanketi mbili nzito na chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni. Yeye ameongeza shuka lake la Kimasai, na hilo halina mjadala.

Mengine ni hesabu. Kibali ni cha saa 24 tangu unapoingia, kwa hiyo tutaingia saa nane mchana, tusimamishe hema kungali na mwanga, alfajiri tushuke kreta, na saa nane kesho yake tuwe tumeshatoka. Ada ya kushuka inalipwa kwa gari, ndiyo maana nimewavuta kaka na shemeji tujae kwenye Land Cruiser moja. Vyakula vyote vinalala jikoni au ndani ya gari, hata pipi haibaki kwenye hema, maana tembo nao hufika kambini kutafuta maji. Na pale getini vioo vifungwe, nyani wa pale wanajua mkate ulipo kuliko aliyeununua. Mifuko ya plastiki tunaiacha nyumbani. Ndizi nyekundu tutanunua Mto wa Mbu.

Ninachoomba ni faru. Mama alinisimulia nikiwa mdogo kwamba baba yake aliwahi kukutana naye, na kila akisimulia anasimama aonyeshe urefu wa pembe kwa mkono.

Jana usiku amenipigia mwenyewe. Jirani ameshakubali kumlishia kuku siku mbili, na anataka kujua kama kule juu kuna mahali pa kuchemshia chai asubuhi, kabla hatujashuka. Nimemwambia jiko la gesi ninalo, chai tutainywa ukingoni.