Wiski ya Scotland na ya Ireland: nilivyozipambanisha kwa bomba la sindano

Kuna maneno yamenichosha tangu nihamie Glasgow: "Ya Ireland ni laini, ya kina mama. Ya Scotland ndiyo yenyewe, ina moshi." Nimeambiwa hivyo na wauza duka, nimeambiwa na wagonjwa wangu wodini (mzee wa hapa akishajua nesi wake anapenda wiski, kupima presha kunachukua nusu saa), na zaidi ya wote nimeambiwa na shemeji yangu, mume wa dada, anayeishi Manchester na ambaye kila akija kwangu anafungua kabati kabla hajavua koti.

Nimeshayapima maneno hayo mezani kwangu, mbele ya mashahidi. Hayana ukweli, na nina furaha isiyo na aibu kusema hivyo.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Nyumbani kwetu kimea cha ulezi kilianikwa uani kwa ajili ya mbege, kwa hiyo mtu akianza kunifundisha kimea cha shayiri ni nini, namsikiliza kwa heshima tu. Nafaka inaloweshwa, inaachwa iote, inakaushwa. Basi. Na hapo kwenye kukausha ndipo moshi unapoingia. Ukikaushia kimea kwa piti, yale matofali ya mboji kavu yanayochimbwa kwenye vinamasi, moshi unabaki kwenye nafaka na unakufuata hadi kwenye glasi. Ukikausha kwa hewa ya moto tu, hakuna moshi. Nchi haina kazi hapo. Glenfiddich 12 na Glenlivet 12 ni za Scotland kabisa, zimejaa kila duka, na ukipata moshi humo jua jirani yako anachoma nyama.

Ushauri mbaya nilioupata ungejaza daftari. Dukani niliomba Ardbeg, wiski ya moshi ya kisiwa cha Islay hapa Scotland, yule bwana akanitazama juu hadi chini, akaniletea chupa ya likeri ya asali, pombe ya sukari. "Hii utaipenda zaidi." Nikamrudishia nikamwambia nataka ile ya Islay, miaka 10, asilimia 46, isiyochujwa kwa baridi. Akanyamaza. Mwingine alinishauri nichague yenye rangi nyeusi zaidi kwa kuwa ndiyo kongwe. Jamani! Sheria ya Scotland inaruhusu kutia rangi ya karameli, ile E150a, na Ireland vilevile. Rangi unaweza kuinunua kwa lita. Mimi nina njia yangu: wiski nisiyoijua naitafuta kwenye duka la mtandaoni la Ujerumani, kwa sababu kule lazima waandike kama imetiwa rangi. Nikiona "mit Farbstoff" najua. Kijerumani changu chote ni hayo maneno mawili.

Kuhusu miaka, namba iliyoandikwa kwenye chupa ni ya tone changa kuliko yote mle ndani. Nchi zote mbili zinataka angalau miaka mitatu ndani ya pipa, na kilevi kisichopungua asilimia 40. Juu ya hapo kinachoamua ni pipa gani, na pipa hilo limeshatumika mara ngapi. Miaka kumi na nane ndani ya pipa lililochoka hainishtui.

Na bei. Msinitumie tena ujumbe mkiniuliza wapi Glasgow kuna wiski ya pauni kumi. Scotland ina bei ya chini ya kisheria, na tangu Septemba 2024 ni peni 65 kwa kila yuniti ya kilevi (mililita 10 za kilevi kitupu). Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 40 ina yuniti 28, piga hesabu: pauni 18 na peni 20, hakuna anayeweza kushuka hapo. Pia kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa nne usiku hakuna duka linalokuuzia, hata ulie.

Chupa nzuri kwa hiyo zinaanzia pauni thelathini na kitu, za kufikirisha zinafika hamsini au sitini, na mimi nina ada za shule za wadogo zangu. Dawa yake ilikuwa kikoba. Tuko Waswahili kadhaa hapa na kusini kidogo, tunachanga kabla chupa haijanunuliwa, mmoja anainunua, tunagawana kwenye vichupa vya kioo vya mililita mia. Kila mtu anaonja chupa nyingi za watu wazima kwa hela ya chupa chache. Andika jina na tarehe kwenye kichupa siku hiyohiyo, na usikiache nusu kwa miezi, hewa inakula ladha. Kichupa cha plastiki usikitumie.

Sasa shemeji. Yeye kwenye kikoba alikuwa anachanga kwa ajili ya chupa za Scotland tu. Za Ireland, "mtagawana wenyewe kina mama." Ndipo nikaamua.

Tatizo la kulinganisha ni kwamba watu wanachukua Jameson mkono huu na Laphroaig mkono ule, halafu wanatangaza wamelinganisha nchi. Jameson ni mchanganyiko, una wiski nyepesi ya nafaka ndani yake, yaani isiyo ya kimea kitupu. Laphroaig ni singo molti (kimea kitupu cha shayiri, kiwanda kimoja) ya moshi inayonuka dawa ya vidonda (kwangu mimi hiyo ni harufu ya kazini, sina shida nayo). Hapo umelinganisha nini? Nikapanga jozi, kila moja iwe na ndugu wawili wanaofanana kila kitu isipokuwa nchi.

Jozi ya kutoneshwa mara tatu ilikuwa rahisi. Mnaambiwa Ireland wanatonesha (kuchemsha na kukusanya mvuke unaogeuka matone) mara tatu na Scotland mara mbili, ndiyo maana ya Ireland ni laini. Kwa sehemu kubwa ni kweli, lakini kiwanda cha Auchentoshan kiko hapa Clydebank, basi la mjini linakufikisha, na wanatonesha mara tatu. Huyo nikampambanisha na Bushmills 10 ya County Antrim. Zote kimea kitupu cha shayiri, zote asilimia 40.

Jozi ya moshi ndiyo niliyoipenda kama mtoto wangu. Ireland kuna Connemara, ina moshi wa piti, na imetoneshwa mara mbili. Inatoka Cooley, kiwanda ambacho John Teeling alikianzisha mwaka 1987 katika County Louth, wakati kisiwa kizima kilikuwa kimebakiwa na viwanda vya Midleton na Bushmills tu. Alifanya makusudi yale ambayo wenzake walisema si ya Kiayalandi. Mpinzani wake nikamweka Ardbeg 10.

Hapo hesabu ikaingia. Ardbeg ina 46, Connemara 40. Ukiziweka hivyohivyo, mtu anatambua ukali wa kilevi tu, anajifanya ametambua nchi. Lakini mimi nimepunguza nguvu ya dawa za watu kwa miaka, kosa moja unaitwa ofisini, wiski itanishinda? Mililita 10 za asilimia 46, zidisha, gawa kwa 40, unapata 11.5. Basi ongeza mililita moja na nusu ya maji. Nilitumia bomba dogo la sindano, lile lenye mistari ya sehemu za mililita, nililolinunua famasi kwa hela yangu, kabla hamjauliza. Maji ni ya bombani. Ya Glasgow yanatoka Loch Katrine, ni laini, hayana chumvi ya kuharibu. GlenDronach 12, ya Scotland pia, niliyoiweka jozi ya mwisho, ina 43, nayo ikapata robo tatu ya mililita.

Glasi nilikuwa nazo, zile za Glencairn zinazobana mdomoni, ni za kampuni ya East Kilbride hapo jirani. Rangi nikaificha kwa kuzifunga bandeji. Bandeji za kuvuta, kila glasi imefungwa hadi shingoni, meza nzima ilionekana wodi ya majeruhi. Mume wangu ni Mpare wa Same, Msabato, tone halijawahi kupita mdomoni mwake, kwa hiyo ndiye aliyefaa. Mimi nilimimina jikoni na kuandika herufi chini ya glasi. Yeye akabandika namba juu ya herufi nisione, akazipeleka sebuleni, na orodha akaiweka mfuko wa shati. Kwa hiyo hata mimi mwenyewe nilipoketi sikujua ipi ni ipi. Dawa zinapimwa hivyohivyo. Alinung'unika, "Mama watoto, unanitia dhambini Jumapili hii," lakini alama aliandika kwa mwandiko mzuri na usuluhishi aliufanya kwa ukali wa mzee wa kanisa.

Jozi ya kwanza niliweka mtego. Glasi zote mbili zilikuwa Famous Grouse, mchanganyiko wa Scotland, chupa moja. Shemeji akanusa, akazungusha, akafunga macho. "Hii ya kwanza, shemeji, unasikia ule wepesi? Ireland. Hii ya pili ina mwili." Akaendelea na mwili huo kwa muda mrefu, mifupa na kila kitu. Dada yangu, ambaye kwa kawaida anakunywa divai nyekundu na kulala, akasema, "Mbona hizi ni kitu kimoja?" Mume wangu hakutikisa hata nyusi. Aliandika tu.

Auchentoshan na Bushmills: meza iligawanyika nusu kwa nusu, yaani tulikuwa tunabahatisha. Mimi pia. Zote zina utamu wa asali na matunda, zote zinapita bila kukwaruza. Shemeji aliiita Auchentoshan "Ireland ya wazi kabisa."

Kisha moshi. Alipoinua glasi ya kwanza uso ulimchangamka. "Hapa sasa! Hapa tumefika Islay. Hii hamwezi kunidanganya." Akaomba aongezewe. Akaiponda ile nyingine kidogo, akasema labda ni Islay pia lakini changa. Mume wangu akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani, akasoma polepole kama anasoma Mambo ya Walawi: "Namba tano. Connemara. Ireland."

Shemeji aliiomba karatasi aione mwenyewe. Akageuza glasi. Akabandua namba aone herufi chini. Dada alicheka mpaka akatoka nje kupata hewa, na video anayo, na hataifuta.

Nawatetea kidogo watu wa aina yake: Ardbeg ikishushwa hadi 40 inapoteza ngumi yake, na wengine wetu tuliitambua kwa masizi na ndimu zinazobaki ulimini. Lakini tulitambua kiwanda. Nchi hatukuitambua.

Halafu ikaja jozi iliyonishangaza mimi, na ndiyo imebadilisha ninavyonunua. Redbreast 12 dhidi ya GlenDronach 12. Nilizipanga pamoja kwa sababu zote zina mapipa ya sheri (yaliyowahi kubeba sheri, divai kali ya Hispania), zote miaka 12. Nilitegemea kubahatisha tena. Hakuna aliyekosea, hata dada. Redbreast inatoka Midleton, County Cork, na ni ile wanayoiita pot still: kimea cha shayiri kinachanganywa na shayiri ghafi isiyooteshwa, angalau asilimia 30 kwa kila upande. Inasemekana ilianzia kwenye ubishi wa kodi. Serikali ilitoza kodi kimea, Waayalandi wakapunguza kimea wakatia nafaka mbichi. Kukwepa kodi kumezaa kitu kitamu hivi! Shayiri ile ghafi inaleta mafuta mdomoni na pilipili manga fulani, na ulimi ukiishaijua hausahau. Scotland ukipika mchanganyiko huo hawakuruhusu hata kuandika singo molti, unawekwa kundi la wiski za nafaka, ndiyo maana sikupata ndugu yake wa kweli wa kumweka upande wa pili.

Kwa hiyo siku hizi hela yangu ya Ireland inakwenda kwenye pot still karibu yote. Green Spot kwa anayeanza, haina miaka kwenye chupa na usijali. Redbreast 12 ikishuka bei karibu na Krismasi, usifikirie mara mbili. Bushmills niliinunua Belfast, nilivuka na feri kutoka bandari ya Cairnryan, masaa mawili na kitu, na ile sheria ya peni 65 haikuwepo upande ule. Ila nauli inakula faida yote, nenda kwa sababu unataka kuona bahari na kiwanda. Ule mwaka 1608 ulio kwenye chupa ni wa kibali alichopewa Sir Thomas Phillips kutonesha eneo lile. Kampuni yenyewe ni ya 1784. Ukiwaambia wageni wenzako jambo hilo kwenye foleni hawakupendi.

Ya Scotland nanunua ninapotaka moshi, au mapipa mazito ya sheri. Wiski za mchanganyiko wa kawaida nilishaacha kuzibishania. Jameson na Famous Grouse zote zinakwenda na soda.

Raundi ijayo ni Powers John's Lane ya Ireland dhidi ya Springbank 10 ya Scotland, zote asilimia 46, hakuna haja ya maji. Shemeji ametuma mchango wa pande zote mbili bila kuandika neno. Shida imebaki Springbank, viwanda vya Campbeltown, mji inakotoka, vimebaki vichache na huyu ndiye anayewindwa na kila mtu, ikifika dukani asubuhi jioni haipo. Ukiiona kwa bei ya kawaida chukua mbili, moja ni yangu, hela natuma leoleo.