Kuiamsha Pikipiki Iliyolala: Siku Yangu Moja Gerejini Ngamiani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuwa nimekwisha kufungua gereji yetu hapa Ngamiani, Tanga, kabla hata muuza kahawa hajapita, kwa sababu kazi ya kwanza ya leo haikuweza kungoja jua. Mgeni wetu, mama wa Kijerumani aliyestaafu ualimu, aliiacha kwetu Yamaha XT600E yake kwa masika yote akarejea kwao, na sasa amerudi kuendelea na safari yake. Pikipiki aliipokea bandarini Mombasa, akaingia nayo nchini kupitia Horohoro, na nia yake ni kufika Cape Town kwa njia ya Zambia na Botswana. Tapeti za injini hii, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye valvu (vilango vya kuingiza mafuta na hewa na kutolea moshi), hupimwa ikiwa imepoa kabisa, na katika mji wetu injini iliyopigwa na jua la saa nne haihesabiki kuwa imepoa.

Nilizungusha injini kwa spana mpaka pistoni ikafika juu kabisa katika mgandamizo, nikapitisha vijibati vya kupimia katika valvu zote nne. Nafasi inayotakiwa ni kati ya milimita 0.05 na 0.10 kwa valvu za kuingiza, na kati ya 0.12 na 0.17 kwa valvu za kutolea moshi. Moja ya zile za kutolea moshi ilikuwa imebana, nikailegeza. Vijana wengi huogopa tapeti inayogonga, lakini mimi huiogopa zaidi iliyobana na kunyamaza, kwa kuwa valvu isiyokaa vizuri kitini pake hupitisha moto na kuungua taratibu, na mwenye chombo hatambui mpaka nguvu zimekwisha akiwa katikati ya pori.

Watu hudhani kwamba pikipiki ya masafa marefu huharibiwa na kilomita. Kwa niliyoyaona katika kazi hii, kusimama huiharibu zaidi, hasa katika mji wa pwani ambako upepo wa bahari hubeba chumvi na masika huleta unyevu unaoingia kila mahali. Ndiyo maana, mama alipotuachia chombo chake, tulijaza tangi petroli mpaka juu ili kutu isipate nafasi ndani, tukamwaga petroli yote iliyokuwa katika kabureta, tukatoa betri na kuichaji mara kwa mara, tukapaka cheni oili nzito na kuyainua magurudumu yote mawili yasiguse sakafu. Hata hivyo sikuridhika kuibandika betri na kubonyeza kitufe. Petroli ya zamani niliitoa yote, na sasa inasubiri kuoshea vyuma.

Kuanzia saa mbili nilishughulika na kabureta. XT600E inazo mbili zilizoungana, ya pili ikifunguka pale tu dereva anapovuta mafuta kwa nguvu, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: pikipiki huwaka vizuri, hutembea mjini vizuri, kisha hukohoa ikianza kupanda mlima. Niliyafungua mabakuli yote mawili, nikapuliza kila jeti, yaani kitundu cha kupimia petroli, kwa upepo na kuiangalia mwangani. Katika jeti ndogo ya ile ya kwanza kulikuwa na ganda la rangi ya asali, mabaki ya petroli iliyokauka licha ya kumwaga kwetu. Kijana anayejifunza kazi kwangu alitaka kulichokonoa kwa waya wa chuma nikamzuia, kwani tundu la jeti likipanuka hata kidogo hesabu yote ya mafuta na hewa huharibika. Tuliiloweka, tukaipuliza tena, ikafunguka.

Kati ya saa tatu na saa tano nilikuwa na wateja wa kawaida wa bodaboda: waya wa klachi uliokatika, breki shuu, plagi. Hayo hayana simulizi, ila kila mmoja aliisogelea ile XT na kuniuliza inakula lita ngapi.

Saa tano na nusu mama mwenyewe aliingia, kijana akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeizoea. Alikuja na mfuko wa karatasi, tukaupitia pamoja juu ya benchi, kwa kuwa nimeona wasafiri wenye injini nzima wakikwama kwa muhuri mmoja. Kitabu chake cha forodha, ambacho wasafiri wenye vyombo vya moto hukiita kaneti, hutumika kwa mwaka mmoja, na kila ukurasa wake una vipande vitatu: kimoja huchukuliwa na forodha chombo kikiingia, cha pili kikitoka, na cha tatu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri yote miwili. Muhuri wa kuingia wa Horohoro upo. Nilimsisitizia kwamba Tunduma, hata foleni ya malori ikimchosha namna gani, asivuke kabla ya kugongewa muhuri wa kutoka, kwa sababu bila huo chombo huhesabiwa kuwa kimebaki Tanzania na ushuru wake unaweza kudaiwa katika dhamana aliyoiweka kwao.

Akitoka Zambia atavuka mto Zambezi kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021 badala ya pantoni ya zamani. Upande wa pili ni Botswana, nayo imo katika umoja wa forodha pamoja na Afrika Kusini, Namibia, Lesotho na Eswatini, kwa hiyo kaneti hugongwa anapoingia katika umoja huo na anapotoka, si katika kila mpaka wa ndani. Bima ndiyo iliyotuchukua muda zaidi. Kadi ya njano, yaani bima ya kuvukia mipaka ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), hupatikana hapa Tanzania, ingawa nchi yetu ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, nayo itamfikisha mpaka mwisho wa Zambia, Botswana haimo.

“Na Afrika Kusini, fundi?”

“Huko, mama, fidia ya mtu aliyeumizwa barabarani hutoka katika mfuko unaochangiwa kwa tozo ya mafuta. Lakini gari la mtu ukiligonga, hasara hiyo ni yako.”

Baada ya adhuhuri na sahani ya wali kwa samaki, tulirudi kwa sharti langu ambalo baadhi ya wageni hulichukia: mwenye safari lazima atoe gurudumu la nyuma, abadilishe tyubu na kulirudisha kwa mikono yake, kwa vifaa atakavyobeba na si vya gereji. Mama hakulichukia. Saa nane alikaa chini kwenye gunia na kuanza, na ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu alikuwa akilisukuma tairi kwa nguvu za mabega badala ya kuzishusha kingo zake katikati ya rimu, kwenye bonde, ambako hulegea zenyewe. Alipoelekezwa hilo, upande wa pili aliumaliza upesi na kijana wangu akampigia makofi.

Tyubu zilitaka akili kidogo. Bodaboda nyingi hapa zina magurudumu ya inchi 17 au 18, wakati gurudumu la mbele la XT ni inchi 21. Bahati ni kwamba pikipiki ndefu za mashamba na za watumishi wa vijijini, kama Yamaha DT125, nazo hutumia 21 mbele, kwa hiyo tyubu zake tulizipata dukani bila taabu.

Saa kumi alasiri tuliiwasha. Iliguguna, ikakaa kimya, kisha ikashika. Hapo kijana alichomoa kijiti cha oili, akaona kikavu na kukimbilia galoni. Nikamwita arudi. Oili ya injini hii hukaa ndani ya fremu, si chini kama ya bodaboda, na chombo kikisimama miezi mingi huteremka yenyewe mpaka kwenye krankikesi, tumbo la chini la injini. Anayeongeza wakati huo atakuja kuiona ikitapikwa kwenye filta ya hewa. Tuliiacha injini ipate moto, tukaizima, tukangoja dakika chache na pikipiki ikiwa imesimama wima, na kijiti kikaonyesha kipimo kamili.

Jioni ilikwenda kwa mambo ya haraka: oili mpya ya breki, kwa kuwa ile ya zamani hufyonza maji hewani, kugonga spoku moja moja kwa spana ili kuisikia iliyolegea, kufunga mizigo mizito chini na mbele. Koti alilotaka kulituma kwao nimemwambia alirudishe begini, maana joto la Tanga linasahaulisha kwamba Makambako mwezi wa Julai ni baridi ya kuuma vidole. Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini, asipite usiku.

Kesho asubuhi ataiendesha na mizigo yote hadi Muheza na kurudi. Nitakaza spoku na cheni mara nyingine, nitaangalia kama gasketi za tapeti zinavuja, na zikiwa kavu ataondoka keshokutwa kuelekea Segera.