Hati ya mahitaji inaandikwa mfumo ukishaisha

Mchukue mwanafunzi yeyote wa kompyuta aliyefika mwaka wa tatu, muulize hatua za kutengeneza mfumo, atakushushia zote bila kupumua: kukusanya mahitaji, uchambuzi, usanifu, kuprogramu, majaribio, kukabidhi, matengenezo. Ukimgeuzia upande wa Ajaili, ile njia ya kujenga mfumo kidogo kidogo kwa awamu fupi, atakutajia sprinti, skramu masta, na lile ubao la kubandika tukaratasi twa rangi. UE, ule mtihani wa mwisho wa muhula, anapiga A yake safi. Afu sasa mwambie yeye na wenzake wanne watengeneze kitu uone. Mmoja anajifungia na laptopu wiki mbili za mwisho, mmoja anaandika ripoti, mmoja anapamba slaidi, na wawili waliobaki kazi yao ni kuchangia hela ya bando na kuandika "tuko pamoja wakuu" kwenye grupu la WhatsApp.

Mi nafundisha hili somo hapa Dar, na kwakweli hilo la mmoja kubeba wenzake hata halinishangazi tena, lipo kila mahali. Kinachonishangaza ni kwamba hati zote zinakuwepo. Hati ya mahitaji, ile inayoeleza mfumo unatakiwa ufanye nini, ipo, kurasa arobaini, imepigwa baindingi na kava gumu. Michoro ipo. Mpango wa majaribio upo kwenye jedwali zuri kabisa na kila mstari umeandikwa "imefaulu", hakuna hata bagi moja, yaani kosa kwenye programu, iliyowahi kuonekana tangu dunia iumbwe. Ila ukichungulia tarehe za mafaili unakuta mahitaji yameandikwa siku tatu baada ya mfumo kuisha, yaani mtu kafungua skrini aliyoitengeneza mwenyewe, kaona kitufe cha kufuta, kaandika "Mfumo utamwezesha mtumiaji kufuta taarifa". Ndo mahitaji hayo. Mtumiaji mwenyewe hata hajulikani ni nani wala kama alishawahi kutaka kufuta chochote.

Na siwezi kuwalaumu sana maana wanafanya kile tunachokilipia. Hati ya mahitaji ina alama zake, usanifu una alama zake, ripoti ina alama nyingi kuliko vyote, na hakuna sehemu yoyote kwenye ile karatasi ya kusahihishia inayouliza hivi kipi kilianza na kipi kilifuata. Mtoto mwenye akili, ana masomo mengine matano, bumu limechelewa, testi ya hesabu Alhamisi, atafanya nini? Anatengeneza kinachohesabiwa, hata mi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Sasa kuna wenzangu wanaosema tatizo ni modeli ya maporomoko, ile ya kumaliza hatua moja ndo uingie inayofuata, tuitupe, tufundishe Ajaili peke yake. Hapo huwa tunabishana sana. Kwanza yule mzee Winston Royce anayebebeshwa lawama zote anaonewa tu. Makala yake ya mwaka 1970 kuhusu kusimamia mifumo mikubwa ina ule mchoro wa maboksi yanayoshuka ngazi kwa ngazi, ni kweli, ila kwenye makala hiyo hiyo anasema kuifuata njia hiyo ilivyo ni hatari na ni kukaribisha kufeli, na anashauri kama mfumo ni mpya kabisa basi jengeni mara mbili, ule wa kwanza uwe wa kujifunzia, na mteja mumshirikishe mapema, siyo mnamtokea siku ya kukabidhi. Slaidi za vyuo zikachukua mchoro zikaacha maneno. Pili, wale watu 17 waliokutana Snowbird kule Utah, Marekani, Februari 2001 wakaandika ilani ya Ajaili, wale walikuwa wameshapigwa na miradi ya hati mpaka basi, wanajua wanachokikataa. Dogo wa miaka 22 hajapigwa na chochote. Ukimwambia programu inayofanya kazi ni bora kuliko hati lukuki, anachosikia ni kwamba hati hazitakiwi, na anashangilia kabisa.

Tena Ajaili ikiingia chuoni nayo inageuka hati vilevile. Stendapu ya kila siku, kile kikao kifupi cha kila mtu kusema kafikia wapi, haiwezekani kwa watu ambao mmoja anakaa Kimara mwingine Kigamboni na wanakutana darasani mara mbili kwa wiki, kwa hiyo wanachofanya wanakaa chini usiku mmoja wanaandika kumbukumbu za stendapu za muhula mzima, peni moja, mwandiko mmoja, "jana nilifanya ukurasa wa kuingia, leo nitaendelea na ukurasa wa kuingia, sina kikwazo". Muhula mzima mtu hana kikwazo, Tanzania hii hii ya kukatika umeme.

Kitu ambacho nimeona kinawabadilisha ni mteja wa kweli, na siyo mteja wa kubuni anayeitwa "Hospitali ya XYZ". Kuna kundi lilichagua kikoba cha kina mama Mbagala, mama wa mmoja wao ni mwanachama. Walikuja ofisini na michoro tayari, wamependeza, mwanachama anajisajili kwa barua pepe, anaweka nywila, anaingia anaona salio lake na mkopo wake, kwa siri. Nikawaambia sawa, ila kabla ya kugusa kibodi nendeni mkakae kikao kizima, muamkie, mkae pembeni, msiulize chochote, muangalie tu.

Walirudi wamenywea. Kwanza karibu nusu ya wale kina mama wana simu za vitochi, barua pepe ya nini. Lakini hilo ni dogo. Kikao chenyewe kinavyoenda, sanduku linaletwa lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti na hakuna kati yao aliye mweka hazina, linafunguliwa mbele ya wote, kila mama anaitwa kwa namba yake anakuja na hela, wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, "namba nane, hisa tatu", karani anaandika kwenye daftari na kwenye kitabu cha mwanachama, na ukumbi mzima umesikia. Mwisho wa kikao jumla inasomwa na watu wanaambiwa waikumbuke, maana kikao kijacho kitaanza kwa kuwauliza mlifunga sanduku na shilingi ngapi. Yaani madogo walikuwa wamejenga siri mahali ambapo usalama wa hela umesimama kwenye kusikika. Mwenyekiti walipomwonyesha ile skrini ya salio akawaambia, wanangu, siku kila mtu akianza kuangalia hela kwenye simu yake peke yake ndo siku tutakayoanza kuibiana.

Halafu faini. Kwenye databesi yao kuna faini ya kuchelewa, mfumo unaikata wenyewe ikifika saa kumi na robo, safi sana. Siku waliyohudhuria mama mmoja kachelewa, katoka Temeke hospitali kuuguza, akasimama akajieleza, kikao kikamsamehe. Kusamehe hakuna sehemu kwenye jedwali. Wakaniuliza "Madamu, tuweke kitufe cha kusamehe?" Nikawauliza nani atakibonyeza. Wakakaa kimya, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, karani hawezi maana atasamehe ndugu zake, mwenyekiti naye hawezi peke yake, kwa hiyo inatakiwa iandikwe kwamba kikao ndicho kimesamehe na sababu yake, na isomwe tena mwisho. Yale mabishano ya dakika ishirini pale mlangoni kwangu ndo uchambuzi wa mahitaji wenyewe, wala hawakujua kama wanaufanya.

Waliishia na kitu kidogo mno ukilinganisha na michoro ya mwanzo: simu moja ya karani, herufi kubwa, inafanya kazi bila intaneti, na orodha ya kusoma kwa sauti kikao kikiisha. Hakuna hata ukurasa wa kuingia kwa mwanachama. Mmoja wao alikuwa na wasiwasi kwamba mfumo umekuwa mwepesi hautapata alama.

Hapo ndo huwa nawapa habari ya M-Pesa, siyo ile ya mafanikio wanayoijua, ile ya majaribio. Kenya mwaka 2005 ilijaribiwa kama njia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wakapewa simu, wakaanza kufanya mambo yao, mtu anamtumia mwenzake, mwingine anamlipia mtu rejesho. Wahusika wakaangalia kinachofanyika wakaacha hesabu za mikopo pembeni, na Machi 2007 Safaricom ilipoizindua ujumbe ukawa ni kutuma hela nyumbani basi. Sasa ungekuwa na hati ya mahitaji ya kurasa arobaini yenye baindingi ungesema hao watumiaji wanakosea.

Kitu kingine ninachofanya, na kinaniletea maadui, ni kubadilisha mahitaji katikati ya muhula. Wiki ya saba au ya nane, kila kundi linapata badiliko moja kutoka kwa mteja, na siyo la kuua, mfano kikoba kimeamua mtu anaweza kununua hisa kwa niaba ya mwanachama aliyesafiri. Kelele zake usiombe. Hii siyo haki, tulishakubaliana, mbona kundi lile lao rahisi. Ila ukikaa nao unaona tofauti mara moja, kundi lenye hati ya kweli linafungua linatafuta mahali hisa na mwanachama vinapokutana, linasema tunagusa vitu vitatu, wiki moja inatosha. Kundi lenye hati ya baindingi halifungui chochote, linamwangalia yule mmoja anayejua kuprogramu, na yeye anaangalia chini.

Kundi la namna hiyo mara nyingi linaomba kuongezewa watu. Nawaambia Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, alishasema mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa unauchelewesha zaidi. Hawaamini. Basi kuna waliopewa wawili kutoka kundi lililovunjika, na wiki nzima yule mjuzi wao hakuandika hata mstari mmoja, alikuwa anawasaidia wageni kusimika databesi kwenye laptopu zao na kuwaelezea kwa nini jedwali moja linaitwa "test2_mpya".

Git nayo, ile programu ya kutunza kila badiliko la msimbo na jina la aliyelifanya. Nilianza kutoa alama kwa historia ya komiti, yaani yale mabadiliko yaliyohifadhiwa humo, nikidhani hiyo haidanganyiki. Wee! Dogo mmoja akaandika kiprogramu kinachoongeza nafasi tupu kwenye faili na kufanya komiti kila siku saa mbili usiku, kwa majina ya wanakundi wote kwa zamu. Nilicheka mpaka basi, maana ile ilikuwa kazi nzuri kuliko projekti yao. Sasa hivi nachagua komiti moja bila mpango, naita mwenye jina lake, namuuliza hapa ulikuwa na tatizo gani. Dakika tano kila mtu, na ukiwa na darasa la watu mia mbili na ushee hizo dakika tano ni adhabu kwangu na kwa wasaidizi wangu, lakini sijapata njia nyingine ya kujua nani alikuwepo. Kwa pembeni tu: ukifanya mchezo huu angalia pia wasiweke majina na namba za simu za wateja wao kwenye ghala la msimbo lililo wazi mtandaoni, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 na madogo wengi hawajawahi kuisikia, wanadhani data za majaribio ni daftari la mama limepigwa picha.

Na jipya kuliko yote ni kubadilishana mifumo. Wiki tatu za mwisho kundi A linakabidhiwa mfumo wa kundi B, linatakiwa kuongeza kitu kimoja kidogo tu, na hairuhusiwi kupigiana simu, maswali yote yanaandikwa. Wanachukia hii zoezi kuliko UE. Wanagundua mwenzao kadesa msimbo kutoka projekti ya kaka yake wa mwaka juzi na hakuna anayejua unafanya nini, na hapo nawaambia Ariane 5, Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya ililipuka chini ya dakika moja baada ya kuruka kwa sababu kipande cha programu kilichofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4 kilihamishiwa humo bila kujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya, namba ikawa kubwa kuliko nafasi yake. Na ndo hapo nasikia kwa mara ya kwanza mwanafunzi akilalamika kwamba hati haitoshi. Kundi moja liliandika swali, "Kwa nini mkopo umezuiwa usizidi mara tatu ya hisa, ni sheria ya kikoba au mliamua nyie?", na wenye mfumo walishindwa kujibu, ikabidi warudi Mbagala kuuliza.

Muhula huu nimekata hati ya mahitaji iwe kurasa nne, na ukurasa wa tano ni wa maswali ambayo mteja bado hajayajibu. Idarani wananiambia kurasa nne ni aibu kwa mwaka wa tatu, mtahini wa nje akija Julai atatuuliza tunafundisha nini, na hati za baindingi bado zinatakiwa nakala tatu maktaba. Nimekubali hizo nakala tatu. Kurasa nne zinabaki.