Siku 44, vimbunga vitatu

Agosti ikiingia tu, moyo wangu hautulii. Mwaka 2004 tulikuwa tunaishi Orlando, Florida. Kimbunga Charley kilitupitia usiku wa tarehe 13 Agosti, mti wa jirani ukaangukia paa letu. Mama akapiga simu kutoka Tanga, nikamwambia tuko salama, huku mkono ulioshika simu unatetemeka. Hata turubai la buluu hatujamaliza kulifunga juu ya paa, Septemba kikaja Frances. Kisha Jeanne, kikatua pwani karibu palepale alipotua mwenzake! Maji yakachuruzika hadi vitandani. Tulilala bafuni, watu watano, tumejifunika godoro. Mwanangu mdogo akaninong'oneza, "Baba, na hiki kinaitwaje?" Sasa ni mtu mzima. Akisikia habari za kimbunga, hunipigia simu kabla sijampigia.