Mstari Alioruka Babu

Babu alikuwa na siri za watu wengi kuliko padri. Si kwamba alizitafuta. Zilimfuata nyumbani jioni jioni, zimefungwa kwenye pindo la kanga au zimekunjwa mfukoni mwa shati, na aliyezileta alisimama mlangoni akikohoa kidogo. "Hodi Mwalimu. Kuna barua." Basi Babu anaacha chakula, ananawa mikono, anavaa miwani, anasoma.

Tumemzika kwao Ukerewe na matanga yameshaanuliwa. Kanisani ulisomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa wapi, alisomea ualimu Butimba, alifundisha shule hizi na hizi, alistaafu lini, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Yote kweli tupu. Ila kisomo kilipewa nusu sentensi, "pia alishiriki elimu ya watu wazima", utadhani ni mashindano ya kuvuta kamba. Nusu sentensi hiyo imenikaa rohoni. Leo nimeona niandike ile nusu nyingine, angalau hapa.

Wasomaji vijana huenda hamkijui kisomo. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, wa kuwafundisha watu wazima wa kanda ya Ziwa kusoma kwa kutumia mambo ya kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1970 Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Halafu zikachaguliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa ziwe zimefuta ujinga kabla ya 1971 kwisha, na Ukerewe ikawa mojawapo. Babu alikuwa kijana, ndiyo kwanza ana mke na baiskeli. Asubuhi anafundisha watoto, alasiri watu wakirudi shamba anafundisha wazazi wa watoto wale wale.

Ubao wao ulikuwa mbao tatu zilizopigiliwa kwenye mwembe. Waliupaka weusi kwa unga wa betri kuukuu za redio, wakauchanganya na mkaa uliotwangwa, na kazi hiyo walipewa wanafunzi wenyewe kwa zamu. Bibi anasema siku za kupaka ubao ungewajua wanakisomo wote kwa vidole vyao. Wengi walikuwa wanawake. Wanaume waliona aibu kukaa mkeka mmoja na wake zao na kushindwa kusoma "baba" mbele yao, kwa hiyo wakajitia wana kazi nyingi.

Wavuvi walikuwa habari nyingine. Daftari la mahudhurio ninalo hapa mezani, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na ukilitazama bila kujua unaweza kudhani wale jamaa walikuwa wavivu: wiki wapo, wiki hawapo. Kumbe walifuata mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa za karabai, mbalamwezi ikiwaka hakuna kazi ziwani, wanakuja kusoma. Kuna mahali pembeni Babu ameandika kwa wino mwekundu, "Giza. Wasihesabiwe watoro." Sijui mkaguzi alisemaje alipofika hapo. Mimi nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko wasifu wote wa kanisani.

Bibi hakusoma kwake. Alikwenda darasa la mwalimu mwingine, mbali kidogo, anatembea. Nilipomuuliza sababu akacheka: "Nimpikie mimi, halafu anipe sifuri?"

Sasa nirudi kwenye barua, maana ndiko hasa ninakotaka kufika.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, mwanawe yuko Dar es Salaam. Baba wa kijana alipofariki, habari zikapelekwa, na baada ya muda barua ikarudi. Mama akaileta kwa Babu. Babu alikuwa na tabia ya kupitisha macho kwanza kimya kimya kabla ya kusoma kwa sauti, na siku hiyo macho yakakutana na maneno mabaya. Kijana aliandika kwamba haji, wala asisubiriwe, kwa sababu marehemu hakuwa baba kwake hata siku moja. Babu akasoma salamu. Akasoma habari za kazi na za nauli kupanda. Alipofika kwenye mstari ule akauruka, akaweka wake: nitakuja mambo yakikaa sawa. Mama akashukuru, akakunja barua yake, akaondoka.

Akasubiri. Kila meli ikitia nanga Nansio, yeye yupo.

Baadaye mama yule akajiandikisha kisomo. Hakuwa mwepesi. Babu alinisimulia kwamba alikuwa anaandika "m" yenye miguu minne, na ukimwambia aondoe mmoja anaondoa miwili. Lakini hakukosa hata siku ya mvua, na ulipofanyika mtihani wa taifa wa 1975 akafaulu hatua ya tatu, maana yake alihesabiwa kuwa amejua kusoma na kuandika.

Jioni moja akaja mlangoni. Hakukohoa. Akaweka barua ile ile juu ya meza, akaikunjua, akaweka kidole chini ya mstari. "Hapa, Mwalimu. Nisomee hapa."

Babu akasoma kama ilivyoandikwa.

"Sawa," akasema mama. Akaichukua barua yake, akaaga vizuri tu. Kesho yake alikuwa darasani, mahali pake pa siku zote.

Babu hakuwa mtu wa kujisifu kwa takwimu. Serikali ilipotangaza mwaka 1986 kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10, aliguna. Aliwajua waliofaulu mwezi wa nane na kufika pasaka wamesahau, kwa sababu hapakuwa na cha kusoma zaidi ya mifuko ya mbolea. Naona alikuwa sahihi; sensa ya 2012 ilikuta watu wazima wanaojua kusoma na kuandika ni kama asilimia 78. Lakini kisa cha mama yule alikisimulia mara kwa mara, na kila mara aliishia kwenye ile "Sawa". Tangu siku hiyo hakuruka tena mstari wa mtu. Zilipokuja barua za vita vya Kagera, kwanza aliuliza: "Humu kuna neno zito. Nisome, au umwite nani akae nawe?" Halafu anasoma yote.

Kwangu mimi alikuwa babu kama babu wengine. Aliniita mke wangu, akinitania kwamba Bibi amezeeka na mahari yangu anayo tayari. Nilipokuwa bweni nilimwandikia barua, naye akazirudisha zimesahihishwa kwa wino mwekundu, alama chini, na noti ya shilingi elfu moja imebanwa pembeni. Nikipata chini ya themanini, noti inakuwa ya mia tano. Simu zilipokuja akaandika ujumbe wenye nukta, mkato na herufi kubwa mahali pake, na ukimjibu kwa vifupisho anakaa kimya mpaka uandike upya. Nimezipitia jumbe zake usiku huu. Sijaona kosa.

Chini ya kitanda chake tumekuta sanduku la bati. Barua. Nyingine zina zaidi ya miaka hamsini. Watu walimwachia kwa sababu nyumba zao zilivuja, au kwa sababu mume akiiona kutakuwa na vita. Baba mdogo anasema zichomwe, wenyewe wengi wameshafariki. Bibi amekataa katakata: zirudi kwa wenyewe, na kama hawapo, kwa watoto wao. Anawakumbuka karibu wote kwa mwandiko wa juu ya bahasha tu. Kesho naanza na za upande wa Bukindo, na nimeonywa nisifungue hata moja.

Nikamwambia nyingine hazina bahasha.

"Basi zikunje," akasema.